Duke Kahanamoku

Duke Paoa Kahinu Mokoe Hulikohola Kahanamoku (24 Agosti 1890 – 22 Januari 1968) alikuwa mwogeleaji wa mtindo huru kutoka visiwa vya Hawaii aliyeiwakilisha Marekani katika Michezo ya Olimpiki ya miaka 1912, 1920 na 1924. Alipata medali tano: tatu za dhahabu na mbili za fedha. Mbili kati ya hizo zilitokana na mashindano ya kupokezana ya mita 4 × 200, yaani fedha mjini Stockholm na dhahabu mjini Antwerp.

Nje ya bwawa la kuogelea anajulikana zaidi kama mtu aliyeutangaza ulimwenguni mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, ambao kabla yake haukujulikana sana nje ya Hawaii.

Jina

"Duke" ni neno la Kiingereza lenye maana ya mtawala wa ngazi ya juu, lakini kwake halikuwa cheo. Lilikuwa jina lake la kwanza, alilolirithi kutoka kwa baba yake. Baba alizaliwa mwaka 1869, mwaka ambao mwana wa malkia wa Uingereza, Alfred, Duke wa Edinburgh, alizuru Hawaii, na mtoto akapewa jina la mgeni huyo. Magazeti ya Ulaya na Marekani yaliwahi kumwandika mwogeleaji huyu kana kwamba alikuwa mwana wa mfalme. Ukweli ni kwamba baba yake alikuwa askari polisi.

Maisha ya awali

Alizaliwa mjini Honolulu, kwenye kisiwa cha Oahu, wakati Hawaii ilipokuwa bado ufalme huru. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto tisa, wavulana sita na wasichana watatu. Mama yake aliitwa Julia Paakonia Lonokahikina Paoa. Duke alipokuwa na umri wa miaka miwili, Januari 1893, Malkia Liliuokalani alipinduliwa na kundi la wafanyabiashara na wamiliki wa mashamba waliokuwa wakitaka nchi iwe chini ya Marekani. Mwaka 1898 visiwa vilitwaliwa rasmi na Marekani. Kwa hiyo bendera aliyoogelea chini yake maisha yake yote haikuwa bendera aliyozaliwa chini yake.

Familia ilihamia Waikiki, karibu na ndugu wa upande wa mama, na watoto walikulia ufukweni. Duke na wadogo zake walijifunza kuogelea, kupiga kasia na kuteleza mawimbini kabla ya kujua kusoma. Alisoma katika shule za Honolulu, zikiwemo Shule za Kamehameha zilizoanzishwa kwa ajili ya watoto wa Kihawaii, lakini hakumaliza masomo ya sekondari kwa sababu familia ilihitaji kipato chake. Alifanya kazi ndogondogo bandarini na ufukweni. Muda uliobaki aliutumia majini. Mwaka 1911 yeye na vijana wenzake wa Waikiki waliandikisha rasmi klabu yao, Hui Nalu, maana yake chama cha mawimbi.

Rekodi iliyokataliwa

Tarehe 11 Agosti 1911 yalifanyika Honolulu mashindano ya kwanza ya kuogelea chini ya kanuni za Amateur Athletic Union (AAU), chama kilichosimamia michezo ya ridhaa Marekani. Honolulu haikuwa na bwawa la kufaa, hivyo njia ya kuogelea ilipimwa ndani ya bandari, kati ya gati na gati, kwenye maji ya chumvi. Kahanamoku, ambaye hakuwa amewahi kushindana nje ya kisiwa chake, aliogelea yadi 100 kwa sekunde 55.4. Rekodi iliyokuwepo ilikuwa ya Charles Daniels, mwogeleaji mashuhuri wa New York, na kijana huyu wa bandarini aliipunguza kwa sekunde 4.6.

Katika umbali mfupi kama huo rekodi huvunjwa kwa sehemu za sekunde, si kwa sekunde nne na zaidi. Wakuu wa AAU huko bara hawakuamini. Walitilia shaka saa zilizotumika na waamuzi walioshika saa hizo, wakadai pia kwamba mkondo wa maji ulimsaidia. Njia ilipimwa upya na ikaonekana ni sahihi, lakini rekodi haikukubaliwa. Kwa watu wa Honolulu jambo hili lilikuwa na uzito kuliko namba zenyewe, maana waamuzi wao walikuwa wameambiwa kwamba hawajui kusoma saa. Wakachangishana fedha ili Kahanamoku apelekwe Marekani bara akaogelee mbele ya macho ya waliomtilia shaka.

Safari ya mwanzoni mwa 1912 ilikuwa ngumu. Hakuwa amezoea baridi, wala mabwawa ya ndani, wala kugeuka ukutani kila baada ya yadi chache, kwani baharini hakuna ukuta. Mjini Pittsburgh alishikwa na mkakamao wa misuli katikati ya mashindano ya masafa marefu zaidi na ikabidi atolewe majini. Alirudi bwawani katika mashindano hayo hayo na kushinda masafa mafupi. Baadaye alifundishwa na George Kistler, mwalimu wa kuogelea wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, ambaye alimrekebisha zaidi katika kuanza na kugeuka. Mwendo wake wa majini haukuhitaji marekebisho makubwa.

Mtindo wake wa kuogelea

Katika mtindo huru mwogeleaji anaruhusiwa kutumia namna yoyote, lakini karibu wote hutumia ile ya kulala kifudifudi na kuzungusha mikono kwa zamu. Namna hiyo ilienezwa mwanzoni mwa karne ya 20 na waogeleaji wa Australia, ambao miguu yao ilipiga mateke machache na mazito. Kahanamoku alipiga mateke mafupi, ya haraka na yasiyokatika, miguu ikiwa imenyooka na kulegea kwenye vifundo. Kwa njia hiyo mwili wake ulikaa juu ya maji, kifua kikiwa kimeinuka kidogo. Alikuwa mtu mrefu mwenye mikono na nyayo kubwa, jambo lililomfaa sana. Watu wa magazeti walidhani ameibuni namna hiyo. Yeye alikuwa ameipata Waikiki kwa kuwaangalia wakubwa zake wakiogelea.

Stockholm 1912

Nafasi yake katika timu ya kupokezana aliipata mwezi Juni kwenye majaribio ya jimbo la New Jersey, alipoogelea mita 200 kwa muda wa 2:40.0, chini ya rekodi ya dunia ya Daniels. Safari hii waliotilia shaka saa za Honolulu walikuwa na saa zao wenyewe mkononi.

Mashindano ya kuogelea ya Stockholm hayakufanyika bwawani bali kwenye ghuba ya bahari, katika njia yenye urefu wa mita 100. Kahanamoku alipita mizunguko ya kwanza ya mita 100 bila shida. Kisha yakatokea makosa ambayo karibu yaharibu kila kitu. Waogeleaji wa Marekani hawakufika kwenye nusu fainali kwa sababu ya kutoelewana kuhusu ratiba, na kwa mujibu wa kanuni walikuwa wameondolewa. Aliyewatetea alikuwa mpinzani wao mkubwa, Cecil Healy wa Australia, ambaye bila Kahanamoku angekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuchukua dhahabu. Healy aliona kwamba ushindi wa kumshinda mtu asiyekuwepo hauna thamani, na timu yake ikaunga mkono ombi la Wamarekani. Iliandaliwa nusu fainali ya ziada, na Kahanamoku akaogelea kwa 1:02.4, sawa na rekodi ya dunia ya Mjerumani Kurt Bretting.

Katika fainali ya tarehe 10 Julai alishinda kwa 1:03.4. Healy alikuwa wa pili kwa 1:04.6, na Mmarekani Kenneth Huszagh wa tatu. Healy aliuawa vitani nchini Ufaransa mwezi Agosti 1918, akiwa miongoni mwa mabingwa wa Olimpiki waliopotea katika Vita Kuu ya Kwanza.

Tarehe 15 Julai ilikuwa fainali ya kupokezana. Katika mashindano haya kila timu ina watu wanne, na kila mmoja huogelea mita 200. Anayefuata haruhusiwi kuondoka mpaka mwenzake aguse ukuta. Kwa kawaida mwenye kasi zaidi huwekwa mwisho, ili aweze kufuta pengo lililoachwa na wenzake au kulilinda. Marekani iliwapanga Kenneth Huszagh, Harry Hebner, Perry McGillivray na mwisho Kahanamoku. Wapinzani walikuwa timu ya Australasia, yaani Waaustralia Cecil Healy, Leslie Boardman na Harold Hardwick pamoja na Malcolm Champion wa New Zealand. Australasia ilimaliza kwa 10:11.6, rekodi mpya ya dunia, na Marekani ikapata 10:20.2. Uingereza ilikuwa ya tatu. Kahanamoku ndiye aliyekuwa bingwa wa mita 100, lakini pengo la sekunde nane ni kubwa mno kwa mtu mmoja kulifuta katika mita 200.

Siku tano baada ya fainali hiyo, mjini Hamburg, aliweka rekodi ya dunia ya mita 100 kwa 1:01.6.

Umaarufu bila kipato

Aliporudi Honolulu alipokewa kama shujaa, lakini hakuwa na kazi ya maana. Kanuni za ridhaa zilimkataza mwanamichezo kupokea malipo yoyote yanayotokana na mchezo wake. Mtu aliyelipwa kwa kufundisha kuogelea au kutangaza bidhaa aliweza kunyang'anywa haki ya kushiriki Olimpiki. Aliyesafiri naye kwenda Stockholm, Jim Thorpe, alinyang'anywa medali zake mbili za dhahabu mwaka 1913 kwa kuwa aliwahi kupokea fedha kidogo za kucheza besiboli. Kahanamoku aliliona hilo na akawa mwangalifu. Wakazi wa Honolulu walichanga fedha za kumnunulia nyumba, lakini mpango huo ulifanywa kupitia wadhamini ili asionekane amelipwa. Kanuni hizi zilitungwa na watu wenye mali kwa ajili ya watu wenye mali. Kwa kijana aliyeacha shule ili kulisha familia zilikuwa adhabu.

Mwishoni mwa 1914 alialikwa Australia. Mjini Sydney aliogelea yadi 100 kwa sekunde 53.8, rekodi ya dunia. Lakini kilichobaki katika kumbukumbu za Waaustralia ni jambo lingine. Kwenye ufukwe wa Freshwater, kaskazini mwa Sydney, alijichongea ubao kutokana na mti wa msonobari uliopatikana hapo, akaonyesha jinsi Wahawaii wanavyosimama juu ya wimbi. Katika onyesho mojawapo alimpandisha ubaoni msichana wa hapo, Isabel Letham, aliyekuwa na umri wa miaka 15. Ubao ule bado unahifadhiwa na klabu ya waokoaji wa Freshwater. Kutoka Australia alikwenda New Zealand, ambako alifanya maonyesho kama hayo mwaka 1915.

Michezo ya Olimpiki ya 1916, iliyopangwa kufanyika Berlin, ilifutwa kwa sababu ya vita. Kahanamoku alikuwa na umri wa miaka 25 na kasi yake ilikuwa kileleni. Mwaka 1918 alizunguka Marekani na waogeleaji wenzake katika maonyesho ya kuchangia Msalaba Mwekundu, na mwezi Agosti mwaka huo mjini New York aliishusha rekodi yake hadi 1:01.4.

Antwerp 1920

Ilipofika Olimpiki ya Antwerp nchini Ubelgiji alikuwa anatimiza miaka 30, umri ambao waogeleaji wengi wa siku zile walikuwa wameshastaafu. Waogeleaji waliwekewa njia katika maji meusi na baridi kali. Safari hii hakuwa Mhawaii peke yake. Pamoja naye walikuwepo Pua Kealoha, William Harris na wengine waliolelewa katika maji ya Honolulu.

Fainali ya mita 100 ilifanyika tarehe 24 Agosti, siku yake ya kuzaliwa. Alishinda kwa 1:00.4, rekodi mpya ya dunia. Lakini Mwaustralia William Herald alilalamika kwamba Mmarekani Norman Ross alimziba njia, na waamuzi wakaamuru fainali irudiwe. Siku chache baadaye Kahanamoku aliingia tena majini na kushinda tena, kwa 1:01.4. Kealoha alipata fedha na Harris shaba, hivyo medali zote tatu zikaenda Hawaii.

Katika kupokezana kwa mita 4 × 200 timu ya Marekani ilikuwa na Perry McGillivray, Pua Kealoha, Norman Ross na Kahanamoku. McGillivray na Kahanamoku walikuwa wamebaki kutoka timu iliyoshindwa Stockholm miaka minane nyuma. Ross naye alikuwa ametoka kushinda mita 400 na mita 1500 katika michezo hiyo hiyo. Kwa kuwa na watu wa aina hiyo katika nafasi tatu za mwanzo, mwogeleaji wa mwisho hakuwa na pengo la kufuta. Timu ilimaliza kwa 10:04.4, ikiivunja rekodi ya Australasia ya 1912 kwa zaidi ya sekunde saba. Australia ilifika ya pili sekunde 21 baadaye, na Uingereza ya tatu. Hii ndiyo medali pekee ya dhahabu ya Kahanamoku katika kupokezana.

Paris 1924 na baada yake

Rekodi yake ya 1:00.4 ilidumu chini ya miaka miwili. Mwezi Julai 1922 kijana wa Chicago, Johnny Weissmuller, aliogelea mita 100 kwa sekunde 58.6, akiwa mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika moja. Walikutana Paris mwaka 1924. Weissmuller alishinda kwa sekunde 59.0. Kahanamoku, akikaribia miaka 34, alipata fedha kwa 1:01.4, na shaba ilichukuliwa na mdogo wake, Sam Kahanamoku. Katika kupokezana hakupangwa. Marekani ilishinda tena, Weissmuller akiwa katika timu.

Mwaka 1932, akiwa na miaka 41, alijaribu kuingia tena katika timu ya kuogelea kwa ajili ya Olimpiki ya Los Angeles, lakini hakufaulu.

Kwa miaka mingi ya 1920 aliishi kusini mwa California na kupata sehemu ndogondogo katika filamu za Hollywood. Mara nyingi alipewa nafasi ya chifu wa Kihindi, Mwarabu au mtu wa visiwani, kwa kuwa ngozi yake haikuwa nyeupe. Weissmuller aliyemshinda Paris ndiye aliyekuja kuwa Tarzan.

Uokoaji wa Newport Beach

Asubuhi ya tarehe 14 Juni 1925 mashua ya wavuvi iitwayo Thelma ilipinduliwa na mawimbi makubwa karibu na mlango wa bandari ya Newport, California, ikiwa na watu 29. Kahanamoku, aliyekuwa ufukweni na rafiki zake wakijiandaa kuteleza, alichukua ubao wake na kuingia baharini. Alikwenda na kurudi mara tatu katikati ya mawimbi yanayovunjika, kila mara akirudi na watu walioshikilia ubao. Watu 17 walikufa. Kati ya 12 waliookolewa, wanane waliokolewa na yeye. Baada ya tukio hilo waokoaji wa fukwe za Marekani walianza kutumia ubao kama kifaa cha kazi.

Sherifu wa Honolulu

Baada ya kurudi Hawaii alifanya kazi katika vituo vya kuuzia petroli. Katika miaka ya 1930 alichaguliwa kuwa sherifu wa Honolulu, akarudishwa na wapiga kura kwa vipindi 13 mfululizo. Tarehe 2 Agosti 1940, akikaribia miaka 50, alimwoa Nadine Alexander, mwalimu wa dansi kutoka Ohio. Hawakupata watoto.

Hawaii ilipata kuwa jimbo la Marekani mwaka 1959, na muda mfupi baadaye cheo cha sherifu kikafutwa. Jiji likampa kazi ya kuwapokea wageni mashuhuri kwa niaba yake. Alivisha mashada ya maua shingoni mwa marais na waigizaji wa filamu, lakini mshahara haukuwa mkubwa. Mtu aliyekuwa sura ya Hawaii katika matangazo ya utalii hakuchuma mali kutokana na utalii huo mpaka alipofika uzeeni, jina lake lilipoanza kutumika kwa mikataba kwenye nguo na mbao za kuteleza.

Mwaka 1965 aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Kimataifa wa Kuogelea. Mwaka huo huo yalianzishwa mashindano ya kuteleza mawimbini yenye jina lake katika ufukwe wa Sunset, kaskazini mwa Oahu.

Kifo na kumbukumbu

Alifariki tarehe 22 Januari 1968 kwa shtuko la moyo katika klabu ya mashua ya Waikiki, akiwa na umri wa miaka 77. Majivu yake yalipelekwa kwa msafara wa mitumbwi na kumwagwa baharini mbele ya Waikiki, huku umati mkubwa ukisimama ufukweni.

Mwaka 1990 sanamu yake ya shaba nyeusi iliwekwa kwenye ufukwe wa Kuhio, Waikiki. Imesimama mbele ya ubao mrefu, mikono imenyoshwa kuwakaribisha wapita njia, na mgongo umeelekea bahari. Wenyeji wengi walilalamika, kwa sababu Waikiki mtoto hufundishwa kutoipa bahari mgongo, na Kahanamoku mwenyewe alilijua hilo kuliko wengi. Sanamu haijageuzwa. Sanamu nyingine ipo juu ya jabali la Freshwater huko Sydney, na mwaka 2002 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake.